Hatua ya Ubeti wa Tatu

Nkoaranga, 3 Machi 2024

Mjukuu wangu Hope,

Marahaba, maana najua shikamoo unayo moyoni hata kama hujaandika tangu Krismasi. Mimi mzima. Mbuzi yule mwenye pembe moja amezaa mapacha, wote majike. Baba yako mdogo Abdiel amepaka nyumba rangi ya kijani, sasa inafanana na duka la mbolea, lakini usimwambie, ameshajisifu kwa kila mtu. Simu usinipigie. Ilitumbukia kwenye ndoo ya pumba na nguruwe akaiona kabla yangu. Sitaki nyingine. Nimesoma mpaka darasa la nne, kalamu naijua, na Ruth wa hapo chini anapeleka ndizi soko la Kilombero huko mjini kila Jumatano na Jumamosi. Barua zitapitia kwake.

Sasa nisikilize.

Kalenda ya kwaya yetu ya akina mama imetoka. Tuko mistari miwili mbele ya madhabahu, tunaimba. Pudensiana anaonekana mpaka hereni. Sia anaonekana mpaka pengo. Mimi niliyeianzisha kwaya hii, na nikaimbisha miaka yote hii, nimetoka kama sufuria iliyofunuliwa ikiwa ya moto. Mvuke mtupu. Ukiona gauni ndiyo unajua kumbe pale kuna mtu.

Nikamwuliza Frederick, mwalimu wa kwaya, uso wangu umeupeleka wapi? Akasema mpiga picha aliyemleta kutoka mjini hana kosa, kosa ni langu kwa sababu natikisika. Mwezi wa tisa tunafanya jubilei ya miaka arobaini ya kwaya. Mpiga picha atakuja tena, na picha hiyo itatundikwa kubwa kwenye ukumbi wa kanisa, ibaki pale hata sisi tukishakufa. Kwa hiyo eti nichague. Ama nisimame bila kusogea, ama nikakae kwenye kiti pamoja na wazee waalikwa, na Sia aimbishe. Frederick huyu! Nimempangusa kamasi shule ya Jumapili kwa kitambaa changu mwenyewe.

Nimemwambia kiti akakalie yeye. Lakini wewe ndiye uliyeacha chuo cha ualimu ukakimbilia kamera, ukatuachia sisi kazi ya kujibu watu. Basi hiyo kamera itusaidie hata mara moja. Kosa ni langu au la mashine? Usinidanganye.

Bibi yako,
Aikaeli


Elerai, 23 Machi 2024

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa kunyamaza. Sijambo. Naishi na Joyce yule tuliyesoma naye, chumba kimoja, maji yanatoka siku tatu kwa wiki. Pole kwa simu. Mpe Baba mdogo hongera za rangi.

Bibi, kalenda nimeiona, Ruth alinionyesha. Kosa si lako. Kamera ina namna kadhaa za kushika fokasi, yaani kuamua nini kitoke safi na nini kitoke ukungu. Namna ya kwanza, unabonyeza kitufe nusu, inapima umbali mpaka kwenye uso wa mtu halafu inaganda hapohapo. Inafaa kwa picha ya pasipoti. Yule mpiga picha alikupima ukiwa kwenye mstari, wewe ukapiga hatua mbele kabla hajamalizia kubonyeza. Fokasi ikabaki mahali ulipotoka, ndiyo maana walio nyuma yako wote wako safi. Namna ya pili inamfuata mtu kila anapokwenda. Ya tatu unazungusha kwa mkono, mashine haiamui kitu.

Siku hizi napiga picha bendi moja inayotumbuiza Jumapili mchana kwenye ukumbi hapa Elerai. Wamesema nikifanya vizuri watanichukua moja kwa moja. Niombee.

Halafu Bibi, usikasirike. Labda siku ya jubilei ungesimama kidogo tu, dakika ile ya picha, kisha uendelee na mwendo wako?

Mjukuu wako,
Hope


Nkoaranga, 17 Aprili 2024

Hope,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu mvua imekata njia ya kuteremka kwa kina Ruth, na kwa sababu nilikuwa na hasira. Katoto kamoja ka mbuzi kamekufa. Abdiel anakusalimu, bado anajisifu.

Kidogo tu! Kidogo tu ndiyo nini? Unajua kwa nini napiga ile hatua, au ulidhani ni madaha?

Tulipoanza kwaya hatukuwa na kipaza sauti wala kinanda. Tulikuwa wanawake kumi na moja, nusu yetu hawajui kusoma, na wa mstari wa nyuma walikuwa hawanioni mkono. Wakawa wananitazama mguu. Ubeti wa tatu ukifika napiga hatua moja mbele kwa mguu wa kulia, na mguu ukigusa chini, sauti ya pili inaingia. Mpaka leo ni hivyo. Sia hajui kuhesabu, anangoja mguu wangu, na huyo ndiye wanataka aimbishe! Nikisimama kama nguzo ya umeme, nani atawaingiza? Na mimi mwenyewe mguu usipokwenda sauti haitoki, inabaki hapa kifuani kama kiazi cha moto.

Miaka yote hiyo hakuna mchungaji aliyeniambia tulia. Wamepita wachungaji sita. Sasa niambiwe na mpiga picha?

Halafu hiyo namna ya pili, ya kumfuata mtu, kwa nini huyo wa mjini hakuitumia? Na huo ukumbi wenu wa Elerai una mchungaji gani? Hukumtaja. Mtaje.

Aikaeli, Bibi yako asiyetulia


Elerai, 18 Mei 2024

Shikamoo Bibi,

Pole kwa mbuzi. Joyce anakusalimu, anasema ndizi ulizotuma zilituvusha wiki nzima.

Ukumbi hauna mchungaji. Ni baa, wanachoma nyama, familia zinakuja na watoto baada ya ibada. Nilijua utauliza.

Hiyo namna ya pili nimeitumia Jumapili zote, na ndiyo iliyoniponza. Mwimbaji wao anaitwa Sankale, anaimba huku anapiga gitaa, hatulii hata kidogo. Kamera inamfuata vizuri mpaka wimbo ukolee na watu wainuke kwenda kumtunza. Unawajua watu wetu. Huyu anamvisha kitenge, yule anamfuta jasho, mwingine anacheza mbele yake mpaka ahakikishe meza zote zimemwona. Basi kila mgongo unaopita, kamera inamwacha Sankale inaushika mgongo. Nikaweka ile ya kutafuta nyuso yenyewe. Ikashika uso wa mwanamke aliye kwenye bango la soda nyuma ya mpiga ngoma! Nyimbo tatu nzima, Bibi, mwanamke wa bango anacheka, safi mpaka kope, na Sankale ukungu.

Kiongozi wa bendi, Mzee Lemburis, alizitazama picha zote moja moja. Mwisho akasema, "Binti, umetuletea migongo na soda."

Kwa sasa nimepumzika kidogo na mambo ya bendi. Usimwambie Baba mdogo.

Hope


Nkoaranga, 12 Juni 2024

Hope,

Marahaba. Kahawa imeshika vizuri, mbuzi aliyebaki anaruka hovyo. Hiyo ya migongo na soda nimecheka mpaka jirani yangu Tekla akaja mbio kuuliza kuna nini.

Eti umepumzika! Mimi nina miaka sabini na nne na sijapumzika. Umefukuzwa. Liandike neno lenyewe, halikuumi mkono. Kwa habari ya baa nitakugombeza siku nyingine. Leo nakugombeza kwa sababu hujui kazi.

Unakumbuka zamu yetu ya maji ya mfereji? Ulikuwa na miaka tisa. Nilikwambia kafungue maji, ukafungua, halafu ukakimbia nayo bondeni unayafukuza na jembe, umefika kwenye migomba unahema na maji yameshapita kwa jirani. Nikakuonyesha. Maji huyakimbizi. Unatangulia wewe kwenye mgomba, unazibua pale, unasimama, yanakuja yenyewe kwa sababu njia yao unaijua. Sasa umekua, una mashine ya gharama, na ujinga ni uleule.

Huyo Sankale ana njia yake. Kila mwimbaji anayo. Kuna mahali anavuta pumzi, kuna mahali anainua kidevu, kuna mahali anakwenda. Wewe nyimbo zake huzijui, ndiyo maana unategemea kamera imjue. Kamera haiimbi. Iache nyumbani, kaa umsikilize mpaka umjue mguu. Halafu mtangulie.

Na watunzaji wana adabu yao. Hakuna mtu mwenye akili anayekwenda kutunza ubeti ukiwa ndiyo unaanza, wanangoja kiitikio. Wewe ulikuwa unapiga picha kwenye kiitikio kwa sababu ndiko kuna kelele. Piga kwenye ubeti. Hilo nalo mpaka ufundishwe na mtu wa darasa la nne?

Frederick bado ameshikilia kiti chake. Mazoezi yanaendelea, sitaki kuyazungumza.

Aikaeli


Elerai, 13 Julai 2024

Shikamoo Bibi,

Nilifukuzwa. Nimeliandika.

Nimekwenda Jumapili tatu bila kamera. Nilikaa karibu na jiko la nyama, moshi wote wangu, nikasikiliza. Jumapili ya kwanza sikuona kitu. Ya tatu nikaona. Kila ubeti wa mwisho Sankale anaacha kipaza sauti, anasogea kushoto nusu hatua, anafumba macho, halafu ndiyo anaimba ule mstari mrefu. Kila mara, mahali palepale, ubao uleule wa jukwaa. Mwenyewe hajui. Nilipomwambia alikataa.

Nikamwomba Mzee Lemburis Jumapili moja tu. Nikaweka fokasi kwa mkono kwenye ubao ule, nikabandika plasta kwenye lenzi isije ikazunguka, nikangoja. Mgongo ukapita, kamera haikujali. Mwingine ukapita. Watu wakakaa, ubeti ukaanza, akaja mwenyewe, Bibi, kama maji. Mzee Lemburis aliitazama picha akasema, "Huyu sasa ndiye Sankale." Amenirudisha.

Sasa zamu yangu. Ruth ameniambia ulianguka mazoezini mwezi wa tano, mbele ya kwaya nzima, goti likavimba mpaka ukapelekwa hospitali. Barua yako ya mwezi wa sita haina goti hata mstari mmoja. Kumbe Frederick ana sababu! Bibi, tafadhali, kaa. Nitakuja kukupiga picha nzuri ukiwa kwenye kiti. Naapa itakuwa nzuri.

Mjukuu wako anayeogopa,
Hope


Nkoaranga, 31 Julai 2024

Hope,

Mbuzi wazima. Abdiel mzima. Mdomo wa Ruth hauna kifungo, na nimemwambia hivyo usoni.

Nilianguka, ndiyo. Sasa nikwambie nilivyoanguka, na ukimaliza kusoma uichome barua hii.

Lile neno lako la kidogo tu lilinikaa. Nilikujibu kwa hasira, lakini usiku na mchana nikawa nawaza, huyu ndiye anayejua mambo ya picha, pengine anajua. Jumamosi ya mazoezi nikasema moyoni, leo nisimame, Frederick afurahi. Ubeti wa kwanza nikasimama. Wa pili nikasimama. Wa tatu ulipofika, mwili ukaenda kama ulivyozoea na mguu nimeuzuia. Nikaenda chini kama gunia la mahindi. Sia alinishika sketi, haikusaidia kitu, ilichanika tu. Frederick akawageukia wenzake akasema, mnaona sasa, amezeeka.

Hakuna aliyejua kwamba nilianguka kwa kumtii. Nimepiga hatua ile tangu sakafu ikiwa ya udongo, nimeipiga nikiwa na mimba ya Abdiel, nimeipiga wiki moja baada ya kumzika babu yako, na sijaanguka hata siku moja.

Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Si haya ya kuanguka. Haya ya kutii.

Goti limepona nusu, na nusu hiyo itanitosha. Tarehe ishirini na mbili mwezi wa tisa sikai kwenye kiti chochote. Ukinipiga picha nimekaa, usiniletee. Uje au usije, mimi nakwenda mbele.

Aikaeli


Elerai, 24 Agosti 2024

Shikamoo Bibi,

Barua nimeichoma. Joyce hakuisoma.

Nisamehe kwa neno "kidogo", nisamehe na kwa neno "kiti". Nilikuwa nakaa na barua yako mfukoni wiki tatu, najaribu kuandika jibu, naona aibu. Nilikushauri kama mtu ambaye hajawahi kukusikia ukiimba, na nimelala kwenye mgongo wako ukiimba.

Nakuja. Nimeongea na Frederick kwa simu. Hakufurahi, lakini amekubali nisimame kushoto kwa njia ya katikati, mpiga picha wake asimame kulia. Nitazungusha fokasi kwa mkono, sitamfuata mtu. Nataka jambo moja tu kutoka kwako: mguu unatua wapi? Ruth anasema sasa kuna vigae. Nihesabie. Na unihesabie vizuri, kwa sababu kanisani mwanga ni mdogo, itabidi niifungue lenzi yote, na lenzi ikifunguliwa hivyo, sehemu inayotoka safi ni nyembamba, haizidi upana wa kiganja. Ukipungukiwa na kigae kimoja, umerudi kuwa mvuke.

Hope


Nkoaranga, 4 Septemba 2024

Hope,

Marahaba. Salamu za watu wote utazipata ukifika, leo sina nafasi.

Juzi Jumatatu nilikwenda kanisani na Tekla wakati wa kudeki. Tulifunga mlango. Nikaimba peke yangu kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa tatu, Tekla amepiga magoti na chaki mkononi. Tukarudia mara tano. Mara zote tano dole gumba limetua juu ya alama ileile, Tekla ni shahidi, alikuwa analalamika magoti kuliko mimi mwenye goti bovu.

Andika: tafuta kigae chenye ufa mbele ya mimbara. Kutoka hapo, vigae viwili na nusu kuelekea mlangoni. Uso wangu unatangulia dole kwa shibiri moja kwa sababu nainama, hilo lipime mwenyewe.

Chaki tumeifuta. Frederick akiiona atakiweka kile kiti juu yake.

Watu watainuka kunitunza, siwezi kuwazuia na sitaki kuwazuia, lakini watangoja kiitikio. Wewe piga kabla yao. Mimi kigae sikikosi. Wewe usikikose.

Aikaeli


Nkoaranga, 16 Oktoba 2024

Hope,

Marahaba. Uliondoka siku ile ya jubilei bila kula, ukisema unawahi bendi, na kuku niliyekuchinjia amemalizwa na Abdiel. Sijasahau.

Picha imefika. Nimeiegemeza kwenye kabati nikakaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Mguu uko chini. Mdomo wazi. Mishipa ya shingo, mikunjo, jino moja la chuma, vyote umeviweka. Tekla anasema ungenipunguzia mikunjo kwa kompyuta. Nimemwambia aanze na ya kwake.

Kuna jambo hukuliona kwa sababu jicho lilikuwa kwenye mashine. Ubeti wa pili ulipokuwa unakwisha, goti lilikataa. Lilikataa kabisa, likawa kama si langu. Frederick aliniona, akaniashiria kwa kidevu, kiti kile pale. Nikakitazama. Nikakutazama na wewe, umejibanza pale na kamera yako imeelekea mahali patupu, hapana mtu, unanisubiri. Nikasema basi, siwezi kumwacha huyu mtoto anapiga picha vigae. Nikalikemea goti, likaenda. Mguu ulipogusa chini nikasikia sauti ya pili imeingia nyuma yangu yote kwa pamoja, Sia naye akiwemo.

Sasa sikia ya Frederick. Alikuja hapa na nakala yake ya picha ameibana kwapani, hata chai hakutaka. "Bibi," anasema, "mjukuu wako ametuharibia. Unaonekana wewe peke yako! Kwaya nzima ukungu. Mimi mwenyewe, siku ya jubilei, sina uso!"

Nikaichukua, nikaitazama taratibu, nisimharakishe. Ni kweli. Pudensiana mvuke. Sia mvuke. Frederick na kinanda chake mvuke mtupu. Na kile kiti chake kiko nyuma kabisa, kitupu, hata huwezi kujua kama ni kiti au ni ndoo.

"Mwalimu," nikamwambia, "mashine haina kosa. Siku nyingine na ninyi mpige hatua."

Alitaka itundikwe ile ya mpiga picha wake, ambayo mimi ni mvuke tena. Wazee wa kanisa wamesema itundikwe yako. Imetundikwa Jumapili, ukuta wa mbele. Misumari nilipeleka mwenyewe, kwa mguu.

Njoo ule.

Bibi yako,
Aikaeli